Karamu ya Nini?

Wanafunzi wenzetu,

Kila mwaka komite ya karamu inaanza na michango, mchele na muziki. Juu ya nini tunafanya karamu, hakuna mwenye kuuliza. Kisha pesa inaisha, na sisi tunabaki kugombana.

Tutazame Goma. Festivali ya muziki ya Amani iko na kusudi ndani ya jina lake. Vita ya 2013 iliwazuia; wakasogeza tarehe mpaka Februari 2014, lakini kusudi halikusogea.

Siye vilevile tuandike kwanza, mstari mmoja tu: tunataka nini? Kama ni kuagana na wakubwa wetu wa darasa la sita, basi kila mmoja wao aitwe kwa jina lake, hata kama mchele ni kidogo. Pesa tuihesabu nyuma.