Kodi Haingojei Mavuno



Kila mwaka, mvua zinapolijaza maji bonde letu la Kilombero, watu wa Namawala hushika majembe na kuelekea kwenye mpunga. Wapo wanaohamia kabisa vibandani hadi mavuno, na wapo wanaorauka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto mdogo hawezi kushinda topeni, wala si haki kumwacha peke yake nyumbani. Ndipo tunapomshukuru Mungu kwa akina mama wanaowapokea watoto wa jirani, wakawapikia uji, wakawalaza mchana na kuwakabidhi salama kwa wazazi wao.

Ulezi huo ni kazi halali, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini penye mapato ipo na kodi, na juu ya hilo wengi wetu hatujawahi kuketi tukazungumza. Fedha ya ulezi na fedha ya chumvi hukaa katika pindo moja la kanga, ikiisha imeisha. Siku mtoza kodi anapobisha hodi, mama hujikuta na njia mbili mbaya: kujificha, au kumpenyezea mtu kitu ili amwache. Njia zote mbili huzaliwa na hofu, na hofu huzaliwa na kutojua.

Hofu hiyo ina historia. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwishoni mwa miaka ya 1890, na uchungu wake ni mmoja wa mizizi ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, vilivyofika hata huku kwetu Ulanga na Mahenge. Baada ya Uhuru tuliijua kodi ya maendeleo, iliyomdai maskini bila kutazama sana alichonacho, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kodi ya mapato ni kitu kingine: huanza kwa kuuliza mtu amepata kiasi gani.

Tutoe mfano. Mama mwenye watoto kumi, akilipwa Sh. 1,000 kwa kila mtoto kwa siku, siku 22 za mwezi, hupata Sh. 2,640,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya biashara ndogo vilivyopitishwa mwaka 2019, asiyefikisha mapato ya Sh. 4,000,000 kwa mwaka hadaiwi kodi hiyo. Mwenzake mwenye watoto ishirini hupata Sh. 5,280,000. Huyu, akiwa na kumbukumbu zake, hudaiwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne, yaani Sh. 38,400. Asipokuwa na kumbukumbu, hudaiwa Sh. 100,000. Basi daftari moja na kalamu moja vimemwokolea Sh. 61,600. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Izingatiwe pia kwamba kodi hii hukadiriwa kwa fedha yote iliyoingia, kabla ya kutoa gharama ya unga na sukari. Mzazi akilipa kwa debe la mpunga, thamani yake nayo iandikwe.

Tena, kodi hii hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hapa ndipo penye mtego kwa watu wa mpunga. Mwezi wa Machi ghala ni tupu na wazazi wanadaiwa. Fedha huonekana baada ya mavuno. Kalenda ya Serikali haingojei kalenda ya shamba. Kwa hiyo dawa ni kutenga mapema. Mama wa mfano wetu akiweka kando Sh. 1,000 kila Jumamosi, katika majuma 13 atakuwa na Sh. 13,000, na awamu yake ni Sh. 9,600. Fedha hiyo isichanganywe na zaka, wala isiwekwe kwenye mfuko wa kikundi unaokopeshwa, maana siku ya kulipa huenda ikawa mikononi mwa mwingine.

Mama Kanisa hufundisha, katika Katekisimu namba 2240, kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri kwa ajili ya manufaa ya wote. Lakini Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alikumbusha kwamba mzigo wa kodi ulingane na uwezo wa mtu. Naye Yohane Mbatizaji aliwaagiza watoza ushuru wasidai kuzidi walichoamriwa. Haki, basi, ina pande zote mbili: raia asifiche, na mtoza asionee.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA wawasaidie walezi kuandika daftari, na wawaulize maofisa wa Mamlaka ya Mapato viwango vya mwaka husika, kwa kuwa bajeti huweza kuvibadili. Mlezi alipe kwa namba ya malipo ya Serikali na kutunza stakabadhi, asimpe mtu fedha mkononi. Mwenye kituo akisajili kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, kwa usalama wa watoto. Na wazazi walipe ujira wa mlezi kwa wakati. Mtume Yakobo asema ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Hatuwezi kumdai mlezi uaminifu kwa Kaisari iwapo sisi wenyewe hatuna uaminifu kwake.

Kisha, tukiwa tumelipa, tusimame katika mkutano wa kijiji bila woga na kuuliza: dawa za zahanati ziko wapi, na barabara itapitika lini? Aliyetoa haki yake ana kinywa cha kudai haki. Mungu awabariki.