Mkojo wa Watoto wa Shule

Wako wenzetu hapa Nyabibuye wasemao kwamba yafaa kila mtoto wa shule apimwe mkojo kila mwaka. Shauri hilo ni la huruma, nasi hatuwalaumu. Ila twaona wamechanganya maradhi mawili, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni maradhi ya bakteria katika njia ya mkojo, yawashikayo wasichana kuliko wavulana. La pili ni kichocho, kiletwacho na minyoo watokao katika konokono wa maji, nao humwingia mtoto kwa ngozi aogapo kijitoni.

Kwa habari ya bakteria, kule Uingereza, katika miji ya Cardiff na Oxford, walitafutwa wasichana wa shule wenye bakteria katika mkojo ambao hawakuwa na maumivu. Wengine walipewa dawa, wengine hawakupewa, wakaangaliwa miaka 4. Habari zilipotolewa mwaka 1978 ilionekana kwamba dawa haikuyaokoa mafigo ya wale waliopewa kuliko ya wenzao. Basi kumpima kila mtoto asiyeumwa ni kumaliza fedha ya zahanati bure. Bali mtoto alalamikaye uchungu akojoapo, au mwenye homa na maumivu ya kiuno, na apelekwe siku ile ile.

Kichocho ni habari nyingine. Wilayani Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1980, haikutangulia hadubini, ilitangulia karatasi. Ilipita katika njia ya kawaida ya ofisi hata ikamfikia mwalimu mkuu, na walimu wa shule zaidi ya 70 wakawauliza watoto maradhi waliyoyapata, kichocho kikiwa mojawapo. Mkojo ulipopimwa, shule ambazo watoto wengi walikitaja ndizo zilizokuwa nacho zaidi. Walimu wenyewe walipima damu kwa vijiti vya kuchovya. (Sisi makarani, tuchekwao kwa ajili ya karatasi zetu, na tuikumbuke hiyo.) Mtoto aonekanaye na kichocho hupewa vidonge vya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake. Na msichana aliye katika siku zake asihesabiwe mgonjwa kwa sababu kijiti kimeonyesha damu. Apimwe siku nyingine.

Lakini liko jambo lituumalo zaidi. Tulisoma katika shule moja ambayo aombaye ruhusa ya kwenda haja aliitwa mvivu mbele ya darasa, na choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Dada zetu walikuwa hawanywi maji tangu alfajiri, wapate kuvumilia hata jioni. Mkojo ukikaa mno kibofuni, bakteria hupata nafasi ya kuongezeka. Nasi twastaajabu wazazi wanaodai vijiti vya kupimia, na wala hawajapata kwenda kukitazama choo ambacho binti zao wanakitumia.

Twaiomba kamati ya shule iandike mambo mawili katika kitabu chake cha mkutano: karatasi ya maswali kwa madarasa yote, na mlango wa choo cha wasichana wenye komeo kwa ndani. Karatasi itahitaji kibali cha wilaya. Mlango wahitaji mbao, bawaba na seremala wa siku moja.