Ghasia, Askari na Raia

Mwenye kumpiga mawe askari aliyekuja kuzuia watu wasichomeane nyumba hana utetezi kwetu. Twalisema hilo mapema asije mtu akatusingizia kwamba twatetea fujo.

Habari ni ya India. Tarehe 1 Julai 2024 nchi hiyo iliweka kando Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860, iliyotungwa na watawala wa Kiingereza. Sisi si wageni nayo: babu zetu wa Kenya na Tanganyika walihukumiwa kwa kanuni hiyo hiyo mpaka 1930. Kifungu chake cha 152 kilimpa kifungo cha hadi miaka 3, au faini, au vyote viwili, yeyote amshambuliaye au amzuiaye mtumishi wa serikali anayetuliza ghasia. Kanuni mpya imeyahamishia mambo hayo kifungu cha 195. Miaka ni ile ile. Aliyetisha tu au kujaribu sasa hazidi mwaka 1, na hilo twalisifu, maana aliyeinua mkono si sawa na aliyepiga. Lakini faini ya aliyepiga au kuzuia haipungui tena rupia 25,000. Tajiri atalipa aende zake akanywe chai. Mchukuzi wa mizigo atazitoa wapi?

Kinachotuudhi hasa ni mizani. Watu 5 wenye kusudi baya watosha kuitwa mkusanyiko usio halali. Hakimu au mkuu wa kituo cha polisi akiamuru watawanyike, nguvu ikatumika, mtu akavunjwa mguu, afisa huyo hashitakiwi kwa tendo hilo ila kwa kibali cha serikali. Serikali ndiyo bwana wake! Raia aliyeushika mkono wa askari usimwangukie mama yake hangojewi kibali cha mtu. Hata haki ya kujikinga na mtumishi afanyaye kazi kwa nia njema haipo, isipokuwa pana sababu ya kuogopa kuuawa au kuumizwa vibaya.

Wa kwetu nao wasicheke. Nchini Kenya, azuiaye kwa nguvu tangazo la kuwatawanya wenye ghasia lisisomwe aweza kufungwa miaka 10.

Sisi twataka kibali hicho kiondolewe, afisa na raia wasimame mbele ya hakimu mmoja, naye aulize kwanza kama amri ilikuwa halali. Bunge la Delhi lililoweza kuandika upya kanuni nzima halikushindwa na kifungu hiki, halikukitaka.