Saa inahesabu hatua, haihesabu mzigo

Rafiki yangu wa Goma aliniazima saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua na kukuambia kama mwili umefanya kazi ya kutosha. Nikaivaa kwenye barabara ya Nyabiondo kuelekea Kashebere. Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa nyuma ya motari, tunarukaruka katika mashimo. Jioni saa ikanipongeza kwa maelfu ya hatua ambazo sikuzitembea.

Siku ya pili nilimwomba mama mmoja mkimbizi wa vita aivae akienda kuchota maji. Alipanda mlima na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mikono yote miwili imeshika kamba. Saa ikaandika: mwendo mwepesi. Mama akacheka. "Mwanangu, hii saa haijabeba kitu."

Alisema kweli. Ndani ya saa hizi kuna kipimo kidogo kinachosikia mtikisiko wa mkono: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Programu inachukua mtikisiko huo na kuugawa: mwepesi, wa wastani, wa nguvu. Mkono ukitulia, saa inadhani mtu ametulia. Kilo 20 na mteremko wenye matope haviioni. Saa nyingine zina taa ya kijani inayosoma mapigo ya moyo, na hizo zinakaribia ukweli zaidi. Lakini moyo unapiga mbio pia kwa woga. Anayekimbia risasi na anayecheza mpira wanaweza kuandikwa namba moja.

Kwa nini niwasumbue wasikilizaji na saa ambazo wengi wetu hatuna? Kwa sababu siku hizi watu wanapenda kuamua mambo kwa namba, na namba isiyoeleweka inaweza kumnyima mtu haki yake.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mwendo wa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ushauri huo ni mzuri kwa anayekaa ofisini. Kwa mama zetu hesabu ni nyingine. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya msaada, zinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na bomba lisiwe mbali kupita mita 500. Chukua jamaa ya watu sita: ni lita 90, yaani safari tano za bidoni. Hata bomba likiwa palepale kanuni inaposema, hizo ni kilometa tano kwa siku, nusu yake chini ya mzigo. Na sote tunajua kambi ambako maji yako mbali kuliko hapo. Hatujahesabu kuni, wala shamba la kukodi.

Kuna watafiti waliofanya vizuri. Kwa Wahadza wa karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, waliwafunga watu vipimo vya moyo kifuani, na katika matokeo ya mwaka 2017 walionyesha kwamba watu hao wana zaidi ya saa mbili za mwendo wa wastani au wa nguvu kila siku. Waliangalia moyo, si mkono tu.

Neno moja kwa vijana wanaonunua saa hizi mjini: nyingi zinaandika pia mahali ulipopita. Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya programu ya Strava ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia mazoezi wakiwa nazo. Huku kwetu, njia ya kukimbilia si ya kuonyesha kila mtu. Zima kipimo cha mahali.

Maoni yangu ni haya. Anayekuja kutupima, avae saa kama anataka, lakini aulize pia: mzigo una kilo ngapi, mlima ukoje, na huyu mama amekula nini leo? Nasi wanaume wenye mikono mitupu, tuchukue bidoni moja kati ya zile tano. Na viongozi wa kambi, kabla ya kutuhesabia hatua, mtuhesabie mabomba.