Uza nyumba ukapange? Atakayeshiba ni dalali

Kuna hesabu inayopigwa siku hizi vijiweni, kuanzia Kigombe hadi Ngamiani, na sisi hatuko tayari kuinyamazia. Hesabu yenyewe ni hii. Lami ya barabara ya Tanga–Pangani imewazindua wenye pesa. Daraja la Pangani nalo limewapa hamu. Na tangu Marais Magufuli na Museveni walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta kule Chongoleani, Agosti 2017, kila mwenye suti anayeshuka Tanga anaulizia ufukwe. Kwa hiyo, mshikaji, uza nyumba ya mzee sasa hivi wakati bei iko juu, kapange vyumba viwili mjini, tulia. Miradi ikiisha na wageni wakifungasha virago, bei itaanguka. Hapo unarudi Kigombe unanunua nyumba mbili kwa pesa ya moja.

Ni hesabu tamu, na hatusemi kwamba anayeipiga ni mjinga. Marekani, waliouza nyumba zao mwaka 2006 wakaenda kupanga walicheka sana, maana kufikia 2012 bei katika miji mingi mikubwa zilikuwa zimeshuka kwa karibu theluthi moja. Lakini Mmarekani yule bei za nyumba kwao zinakusanywa na kutangazwa kila mwezi, hivyo aliziona zikipanda na akaziona zikishuka. Pesa yake nayo ilikaa benki bila kuyeyuka. Hapa kwetu bei ya nyumba ni ile iliyomo kinywani mwa dalali, na hatujawahi kumsikia dalali akisema kwamba huu si wakati mzuri wa kuuza.

Hebu tuchukue kalamu. Tuseme nyumba ya Kigombe imeuzwa shilingi milioni 20. Dalali anachukua asilimia kumi, zinabaki milioni 18. Unakuja mjini, unapata vyumba viwili kwa laki moja kwa mwezi. Dalali (mara nyingine ni binamu wa yule wa kwanza) anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango tu. Miaka mitano ya kodi ni milioni sita. Umebakiwa na milioni 11 na laki tisa, kama hukula, hukuumwa, hukuoa, na wala hukununua bodaboda. Ili urudi pale ulipokuwa, nyumba ile ile sharti iwe imeshuka bei kwa zaidi ya asilimia 40. Ikishuka kwa asilimia 30, ambayo kwa mizani yoyote ni anguko kubwa, wewe umekwisha.

Kuna atakayetuambia kwamba pesa yake ataiweka kwenye hatifungani za serikali impe faida. Huyo angalau tukae tuzungumze naye. Lakini wengi tunaowasikia wanataja pikipiki, simu na harusi.

Isitoshe, Tanga hii hii imekwishaona bei za nyumba zikianguka, na wazee wanakumbuka nani alipona. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na mji wa Tanga ulikuwa mji kweli kweli. Mkonge ulipoporomoka, mji nao ukapwaya. Kisha ikaja Aprili 1971, serikali ikapitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Aliyekuwa na jengo lililozidi umri wa miaka kumi hakulipwa hata senti. Majumba yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.

Sasa mfikirie mtu aliyeuza jumba lake mwaka 1970. Alipatia vizuri kuliko mchezaji kamari yeyote. Akaziweka shilingi zake, akapanga, akasubiri. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Mwanzoni mwa 1986 ilikuwa shilingi 17 hivi. Kufikia 1990 ilikuwa inakaribia 200, na katikati ya 2024 ilikuwa yapata 2,600. Bei ya nyumba ilianguka, naam, lakini shilingi aliyokuwa akiisubiria ilianguka zaidi. Nyumba hata ikivuja ina kuta. Pesa iliyolala kwenye godoro inaliwa na mchwa asiyeonekana, na mchwa huyo anafugwa na watunga sera wa Dodoma na Dar es Salaam, si na kijana wa Kigombe.

Na huko unakokwenda kupanga nani anakulinda? Tunasema bila kumung'unya maneno: hakuna. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa na serikali ya CCM mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba anakutazama usoni na kukutajia miezi sita mbele, au mwaka mzima. Kabwela anayelipwa kwa siku analazimishwa kulipa kodi kwa mwaka! Mwaka 2021 wakaongeza kichekesho kingine, kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo kijana aliyeuza nyumba ya baba yake anakaa kwenye nyumba ya mwenzake na kumlipia kodi ya serikali, labda wakumbuke kurudishiana, jambo ambalo sisi tumelisikia mara chache mno.

Turudi Kigombe, maana huko ndiko kwenye donda. Nyumba nyingi zinazopigiwa hesabu hii ni za urithi. Dada yako ana fungu lake humo, shangazi yako pengine ana chumba. Ukiwa umeoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuruhusu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkeo. Na ardhi ya kijiji haiuzwi gizani kwa saini za watu wawili na shahidi mmoja aliyenunuliwa soda, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iwemo. Tunaikumbusha halmashauri nayo kwamba kazi yake si kugonga mhuri tu.

Tena aliyenunua kiwanja karibu na pwani hatakusubiri wewe bei ishuke. Akishajenga ukuta, amejenga. Kigombe watu wanaishi kwa ngalawa na dagaa. Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyotoa silikanti, samaki wa kale aliyewaleta wataalamu wa dunia, hadi hifadhi ya bahari ikatangazwa mwaka 2009. Mtu wa Dar hauzi ufukwe wa namna hiyo kwa sababu bomba limekamilika. Anauacha hapo na mlinzi na mbwa.

Kijana mwenye shida ya pesa tunamwambia hivi: pangisha. Nyumba yetu ya Kiswahili ina vyumba sita na ukumbi katikati. Mafundi wa barabara wanatafuta pa kulala, walimu wapya wanatafuta, wauguzi wanatafuta. Wape vyumba vinne, mama abaki na viwili, na kodi yao ndiyo ikulipie chumba chako cha Makorora. Bei ikipanda, nyumba ni yako. Ikianguka, bado ni yako, na mama hajahamishwa.

Lakini tusiwatwike vijana lawama zote. Wanauza kwa sababu hakuna mlango mwingine wa kupata mtaji. Benki ya Nyumba Tanzania ilikufa mwaka 1995, na mkopo wa nyumba hadi leo ni wa mwenye mshahara na hati, si wa mvuvi. Tunamuuliza Waziri mwenye dhamana ya ardhi na nyumba, na tunamtaka ajibu bungeni badala ya kwenye semina: sheria mpya ya kumlinda mpangaji italetwa lini? Na bei za viwanja vya pwani ya Tanga zinazoandikwa kwenye mafaili ya wathamini wa serikali, kwa nini zisibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji cha Kigombe?