NESI AKIKUULIZA UNASIKIAJE, MWAMBIE UKWELI



Leo nataka kuungama kabla sijafundisha. Dada yetu niliyemkosea nimeshamwomba msamaha uso kwa uso, naye amenipa ruhusa niandike bila kumtaja jina. Aliniambia, "Pasta, andika. Kuna mtu yuko wodini sasa hivi anateseka vile niliteseka mimi."

Dada huyu aliteleza akitoka sokoni siku ya mvua, akavunjika mkono karibu na kiwiko. Alilazwa hospitalini, na baada ya siku mbili akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Asubuhi ya upasuaji, mtaalamu wa ganzi alimdunga sindano hapa juu ya mtulinga, upande wa mkono ulioumia. Baada ya muda mfupi mkono wote ukafa ganzi, kuanzia juu hadi vidoleni.

Jioni mimi na wazee wawili wa kanisa tukaenda kumwona. Tulimkuta ameketi kitandani anakunywa chai, anacheka. Mkono umefungwa bandeji, umelazwa juu ya mto kama si wake. Akatuambia, "Pasta, sisikii uchungu hata kidogo!"

Tukashangilia. Nikaomba kwa sauti hadi wodi nzima ikasikia. Kisha nikatamka maneno ambayo leo ningetamani kuyarudisha kinywani: "Dada, hii imekwisha. Usikiri uchungu tena. Hata hizo tembe hutazihitaji." Tukapiga picha, tukaituma kwenye kikundi cha kanisa, na amina zikamiminika.

Saa tatu usiku nesi alipita na dawa za maumivu. Dada akazikataa kwa upole. Alisema amepona. Nesi alimsihi, akaona hataki, akaandika kwenye faili na kuendelea na wengine. Alikuwa peke yake na wodi imejaa.

Saa nane usiku ganzi ikaisha.

Anasema vidole vilianza kumchomachoma, kisha ikawa kama mkono umetiwa kwenye makaa. Alilia akiwa ameuma shuka ili jirani asimsikie. Na unajua alichowaza? Hakuwaza kwamba ganzi imeisha. Aliwaza, "Nimepoteza muujiza wangu. Nimemkosea Mungu wapi?" Akaanza kutubu dhambi moja baada ya nyingine, hata za utotoni. Saa kumi nesi alipita na tochi, akamuuliza, "Mama, unasikiaje?" Naye akajibu, "Niko sawa, Bwana asifiwe."

Hakuwa sawa. Alisema uongo katika jina la imani, na mimi ndiye niliyemfundisha kuusema.

Wapendwa, sikufanya hivyo kwa ubaya. Nilifanya kwa kutojua. Kwa hiyo nikaenda kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Mwili unapokatwa, habari ya uchungu husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Sindano ile huweka dawa ya ganzi karibu na mishipa inayotoka sehemu ile, na dawa huizuia isipitishe habari. Siku hizi wengi wa wataalamu hutumia mashine ya picha, kama ile inayotazama mtoto tumboni, ili waone sindano inakoelekea. Jeraha lipo pale pale. Mfupa bado umevunjika. Habari tu ndiyo haijafika.

Na dawa hiyo ina muda wake. Nyingine hufanya kazi saa chache, nyingine hukaa hata saa 24. Inapoisha, uchungu unaweza kurudi kwa ghafla na kwa nguvu, na mara nyingi hilo humpata mtu usiku, akiwa amelala na hakumeza chochote. Ndiyo sababu madaktari husema: anza kumeza dawa za maumivu KABLA ganzi haijaisha, hata kama wakati huo husikii kitu. Zile tembe za saa tatu usiku zilikuwa daraja la kumvusha dada yetu hadi asubuhi. Mimi mchungaji wake nikalivunja.

Sasa najua wako watakaoniandikia wakisema, "Pasta, imani yako imepoa." Hapana. Nimeombea wagonjwa wakapona, na nitaendelea kuwaombea. Lakini nataka tufikiri pamoja.

Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu, alimletea kwanza usingizi mzito. Mungu angeweza kumfungua akiwa macho, lakini hakufanya hivyo. Mwaka wa 1847 daktari mmoja Mskoti, James Young Simpson wa Edinburgh, alianza kutumia klorofomu kuwapunguzia wanawake uchungu wa kuzaa. Wako waliopinga, wakisema mwanamke aliandikiwa kuzaa kwa uchungu, na kuuondoa ni kumpinga Mungu. Simpson aliwajibu kwa kijitabu mwaka huo huo, akawaonyesha usingizi ule wa Adamu. Mwaka wa 1853 Malkia Victoria mwenyewe alipewa klorofomu alipomzaa mwanawe Leopold. Ubishi ambao tunao makanisani leo una zaidi ya miaka 170.

Mtu ataniambia, "Lakini Yesu alipewa divai yenye manemane msalabani akaikataa." Ni kweli. Aliikataa kwa sababu alikuwa akibeba kilichokuwa chetu. Hakutuwekea sheria kwamba kila mwenye mfupa uliovunjika naye akatae dawa. Na tena, Yesu yule yule alisema ana kiu. Alilia kwa sauti kuu. Hakumficha mtu yeyote uchungu wake. Kama Bwana hakuona aibu kulia, wewe unamwonea nesi aibu ya nini?

Msamaria mwema naye hakumkemea yule aliyejeruhiwa kwa kugumia. Alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, akamfunga, akalipa gharama. Huo ndio upendo tunaouhubiri kila Jumapili.

Kuna jambo lingine. Tunadhani kuvumilia uchungu ni ushujaa usio na gharama. Una gharama. Mtu aliyepasuliwa tumbo akiumwa sana hawezi kukohoa wala kuvuta pumzi kwa nguvu, na kifua chake kinaweza kushikwa na maambukizi. Aliyepasuliwa mguu akiogopa kuusogeza, damu inaweza kuganda kwenye mshipa. Asiyelala usiku hana nguvu ya mazoezi kesho. Dawa ya maumivu inamsaidia mgonjwa apumue, ainuke, atembee. Ni sehemu ya uponyaji.

Wengine huogopa kwamba watazizoea dawa kali. Kuwa mwangalifu ni vizuri. Meza kiasi ulichoandikiwa na kwa muda ulioandikiwa, usiongeze, usimeze za jirani. Lakini siku chache za dawa chini ya uangalizi wa daktari si sawa na utumwa wa dawa za kulevya. Ukiwa na hofu, au kama uliwahi kuwa na shida hiyo, mwambie daktari mapema.

Sitaki pia niwaambie kwamba sindano hii ni tamu kwa kila mtu. Tangu nianze kuuliza, washirika wamenipa hadithi zao. Mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa bega alishtuka kuona kope la jicho limeshuka na sauti imekwaruza. Akadhani ni kiharusi, kumbe ni jambo linalotokea kwa sindano ya shingoni, nalo liliondoka ganzi ilipoisha. Kijana wetu wa bodaboda aliyevunjika mguu anasema ganzi ilishika upande mmoja tu, ikabidi aongezewe dawa nyingine. Mama mwingine vidole vilimchomachoma kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia. Mishipa kuumia kabisa hutokea mara chache, lakini hutokea. Kwa hiyo uliza kabla hujaweka sahihi: Nitadungwa wapi? Ganzi itakaa saa ngapi? Nianze tembe saa ngapi? Nikiona nini niwaite? Na wewe useme ukweli wako: kama unameza dawa za kupunguza damu kuganda, kama dawa fulani iliwahi kukudhuru, kama una ugonjwa wa mapafu.

Ukiwa na ganzi, ulinde mwili ambao hausikii. Usiweke kikombe cha chai moto juu ya mkono uliokufa ganzi. Usijaribu kuukanyagia mguu peke yako ukielekea chooni, maana utaanguka. Mkono uwe kwenye kitambaa cha kuubeba shingoni. Na haya usiyangojee hata maombi ya asubuhi, mwite nesi au rudi hospitali mara moja: kupumua kwa shida, masikio kuvuma na midomo kufa ganzi punde baada ya sindano, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, plasta kubana na uchungu kuzidi hata baada ya dawa, ganzi kutoisha wakati ulioambiwa umepita.

Nesi akikuuliza uchungu wako ni ngapi kutoka 0 hadi 10, hakuulizi imani yako ni ngapi. Anataka kujua akupe nini. Ukimwambia 2 na ni 9, umemfunga mikono. Huyo nesi, na yule mtaalamu wa ganzi ambaye huenda hutamwona tena baada ya kuamka, ni watu ambao Mungu anawatumia. Wengi wetu humshukuru daktari mpasuaji kwenye ushuhuda na kumsahau aliyekaa kichwani pako akihesabu pumzi zako. Tuwakumbuke kwenye maombi.

Na kwetu sisi wachungaji, wazee na akina mama wa maombi, nina ombi. Tunapoenda wodini, tuombe. Tuweke mikono ikiwa mgonjwa ameruhusu. Lakini kabla hatujaondoka, tumuulize: "Umemeza dawa? Ingine ni saa ngapi?" Tusimwache mtu na mzigo wa kutuonyesha amepona. Tukiweka picha ya mgonjwa kwenye kikundi na kutangaza muujiza, tunamfungia mlango wa kusema usiku kwamba anaumwa. Ushuhuda unaweza kungoja hadi atoke hospitali.

Dada yetu alisaidiwa asubuhi. Daktari wa zamu alimwona uso umevimba kwa kulia, akamuuliza polepole, naye akasema yote. Alipewa dawa, na baada ya nusu saa akalala. Leo mkono unafanya mazoezi, na juzi alipiga makofi kanisani. Nilipomwomba msamaha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, usiku ule sikuhitaji uniambie nimepona. Nilihitaji mtu aniambie Mungu hajaniacha kwa sababu naumwa."

Kwa hiyo nakuambia wewe uliye kitandani ukisoma haya: Mungu hajakuacha kwa sababu unaumwa. Bonyeza kengele. Kama hakuna kengele, inua mkono ulio mzima, uite. Meza dawa yako na maji, useme asante Yesu.

Tuombe: Baba, wakumbuke wote waliotoka kwenye chumba cha upasuaji leo. Usiku ganzi itakapoisha, wasiwe peke yao. Wape manesi wetu nguvu ya zamu, na utupe sisi watumishi wako unyenyekevu wa kuuliza kabla ya kutangaza. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha mtumie mtu mmoja anayesubiri upasuaji wiki hii. Na kama uliwahi kuficha uchungu wako kwa sababu ya maneno yangu, nipigie. Nataka kukuomba msamaha wewe pia.