Pambo si Nguvu

Katika nchi yetu yako magari mengi ambayo umri wake umezidi umri wa madereva wake. Land Rover za miaka ya 1970 na Toyota Land Cruiser za miaka ya 1980 zingali zikipanda vilima vya Samburu na kuvuka mchanga wa Marsabit, zikibeba watu, maji, unga na mbuzi. Huitwa makuukuu, lakini neno hilo lisiwe tusi. Mzee mwenye afya humshinda kijana mgonjwa. Shutuma yangu si juu ya magari hayo. Ni juu ya watu wanaoyanunua, wakayavisha mapambo mengi, kisha wakayaongoza nyikani yangali wagonjwa. Desturi hii imeenea, nayo husifiwa sana na vijana. Mimi nasema ni desturi mbaya: hupoteza mali, huharibu gari na huhatarisha roho za watu. Kanuni ninayoitetea ni fupi: tunza kwanza, geuza baadaye, na kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, tunza, uache kugeuza.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu hupata gari lenye umri wa miaka 30. Kabla hajajua linakula mafuta kiasi gani, huliinua kwa springi ndefu. Hulitia matairi mapana. Hulifunga ngao nzito ya chuma mbele, na winchi juu ya ngao hiyo; hulijengea kichanja juu ya paa, na juu ya kichanja hupanga taa nyingi kama za uwanja wa mpira. Fedha zikiisha ndipo fundi humwambia kwamba rejeta imeziba, kwamba mipira ya maji imekauka, kwamba beringi ya gurudumu la mbele inalia. Mwenye gari hujibu kwamba hayo yatangoja. Yatangoja wapi, msomaji? Yatangoja Chalbi, katikati ya jangwa, saa saba za mchana.

Wazee wetu walikwisha kutuonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Sijui chombo kinachoufasiri msemo huo vizuri kuliko Land Rover. Ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule, baada ya Vita Vikuu vya Pili, chuma kilikuwa adimu katika Uingereza, na kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa alumini. Bali chasisi, yaani mifupa inayochukua mzigo wote, ilifanywa kwa chuma. Alumini hailiwi na kutu kama chuma kiliwavyo. Basi yamkini gari la namna hiyo likawa na bodi nzima baada ya miaka 40, hali chasisi iliyo chini inaliwa na kutu kama boriti iliyoingia mchwa. Mjinga hutazama bodi, akaipaka rangi mpya. Mwerevu huchukua nyundo ndogo, akalala chini ya gari, akagonga chuma na kusikiliza sauti yake. Huyu wa pili hapigwi picha, lakini ndiye atakayefika.

Waulize mabaharia wa Lamu kama yuko nahodha anayeongeza urefu wa mlingoti wa jahazi linalovuja. Nahodha hukipandisha chombo pwani, akakigeuza ubavu, akatafuta kila mwanya kati ya mbao, akautia kalafati, akalipaka jahazi mafuta. Tanga ni jambo la mwisho. Anajua kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ikiwa maji yamejaa ngamani, tanga pana halimwokoi mtu. Humpeleka mbali zaidi na nchi kavu kabla ya kuzama.

Tena mapambo yenyewe hayatolewi bure, na kila moja lina bei ambayo haikuandikwa dukani. Chukua tairi lenye kimo cha inchi 30, uliondoe, utie lenye kimo cha inchi 33. Kimo kimezidi kwa sehemu moja ya kumi. Tangu siku hiyo kila mzunguko wa gurudumu hulisogeza gari mbele zaidi kwa sehemu moja ya kumi. Lakini saa ya mwendo haina habari, kwani kazi yake ni kuhesabu mizunguko tu. Ikuonyeshapo kilometa 80 kwa saa, wewe kwa kweli unakwenda 88. Injini nayo, ambayo ujana umeipita, huwa kama mpanda baiskeli anayepanda mlima kwa gia ya tambarare. Na breki, zilizopimwa kwa gurudumu dogo, sasa zinapaswa kulizuia gurudumu refu na zito. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza uwiano aweza kuipiga hesabu hii kwa kalamu. Ajabu ni kwamba watu hutumia fedha nyingi wasiipige.

Springi nazo zina hesabu yake. Gari likiinuliwa, kitovu cha uzito hupanda pamoja nalo, na penye mteremko wa ubavu hupinduka upesi kuliko zamani. Shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli hukaa kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, na viungo vyake huchakaa mapema. Mipira ya breki, isiporefushwa, huvutika kila gurudumu lishukapo katika shimo. Kisha mtu yuyo huyo hupandisha juu ya paa madebe ya maji, madebe ya dizeli, jeki na tairi la akiba, yaani huuweka uzito wote mahali pale ambapo haufai hata kidogo. Gari lililokuwa imara kwa miaka 30 hufanywa dhaifu kwa siku mbili, na mwenyewe hufurahi kwamba amelitia nguvu.

Sasa ziweke kando ya hayo kazi za utunzaji, uone zilivyo nyepesi. Rejeta isafishwe mbegu za majani na tope lililoganda. Mipira ya maji ibonyezwe kwa vidole, na uliokuwa mgumu au wenye nyufa ubadilishwe. Mkanda wa feni ukaguliwe, na mwingine uwekwe akiba. Mafuta ya injini na filta yabadilishwe kwa wakati wake. Beringi za magurudumu zifunguliwe, zisafishwe, zitiwe grisi mpya. Mafuta ya difu yachunguzwe. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Nati za magurudumu na za springi zikazwe. Hakuna hata kazi moja kati ya hizi inayoonekana barabarani, na hii ndiyo sababu inayozifanya zidharauliwe.

Usidhani nazungumza habari ya vyuma tu. Gari halisafiri peke yake. Katika njia ya kutoka Marsabit kwenda North Horr, au kutoka Baragoi kwenda Loiyangalani, gari hubeba watu: pengine wazazi na watoto wao, pengine mgonjwa aliyeomba msaada njiani. Kuna sehemu ambazo simu haina mtandao, na gari jingine laweza kuchelewa kupita. Mpira wa maji ukipasuka hapo, injini hupata joto, na dereva hukabiliwa na uchaguzi mchungu: maji aliyo nayo ayatie katika rejeta au awape watoto wanywe? Taa kumi juu ya paa hazijibu swali hilo. Mpira mmoja wa akiba, ambao bei yake ni ndogo kuliko bei ya taa moja, ungelijibu. Mtu aliyenunua taa akaacha mpira hawezi kusema amepatwa na bahati mbaya. Alichagua.

Wako watakaonipinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza watasema: mbona magari ya mashindano ya Rhino Charge yamegeuzwa kila upande, nayo hupita mahali ambapo hata punda angesita? Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989, na fedha zake zilisaidia kuujenga uzio wa msitu wa Aberdare uliokamilika mwaka 2009. Lakini fikiri. Washindani hutakiwa kupitia vituo 13 katika muda wa saa 10, na ashindaye si yule aliyekwenda mbio, ila yule aliyevifikia vyote kwa masafa mafupi zaidi. Gari la kazi hiyo hutengenezwa kwa ajili ya siku moja, mafundi hulikagua kabla na baada, na likivunjika watu wako karibu. Kuliiga umbo lake bila kuiga uangalizi wake ni kama mtu anayevaa koti jeupe la daktari akadhani ameujua uganga.

Wa pili watasema kwamba gari la kale lilitengenezwa kwa mahitaji ya kale, na hivyo halina budi kugeuzwa. Sikatai mageuzi yote. Nakataa mageuzi yaliyotangulia utunzaji, na yale yasiyo na sababu. Yako mageuzi madogo yenye hekima kubwa. Ekseli ikienda mwendo mrefu hupata joto, na hewa iliyo ndani yake hutanuka. Ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi ya mto, hewa husinyaa, na mahali pake hutaka kujazwa. Kitundu cha kupumulia kikiwa kimezama au kimezibwa na tope, maji hunyonywa ndani yakachanganyika na mafuta. Hiyo ni fizikia ile ile mnayofundishwa darasani. Dawa yake ni mpira mwembamba unaokipandisha kitundu hicho hadi juu, karibu na injini. Vivyo hivyo kulabu imara za kuvutia, zilizofungwa kwenye chasisi yenyewe wala si kwenye bampa, na bamba la kuikinga injini na mawe. Lakini mageuzi haya hayana mbwembwe, na aghalabu watu huyasahau.

Watu wa tatu watasema kwamba gari kuukuu, hata likitunzwa namna gani, haliwezi kazi kubwa. Hao na waisome historia ya nchi hii. Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba wa Safari, alikuwa fundi wa magari kabla hajawa bingwa wa mashindano. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo aina ya PV544. Gari lile halikuwa jipya: lilikuwa limekwisha kushiriki mashindano ya mwaka 1964, na wengine walikuwa wamekwisha kuliacha. Wala halikuvuta kwa magurudumu manne. Hapana shaka lilikuwa limeimarishwa kwa kazi hiyo; lakini kuimarishwa huko hakukulifikisha mbele mwaka 1964. Mwaka uliofuata lilikuwa mikononi mwa mtu aliyezijua nati zake. Alishinda tena, kwa magari mengine, mwaka 1974 na mwaka 1976. Mikono inayojua spana ndiyo iliyokuwa siri yake.

Na hapa nafika kwenye pambo lililo bora kuliko yote, ambalo halinunuliwi: maarifa ya dereva. Penye mchanga mwingi, dereva mjinga huongeza moto, magurudumu yakajichimbia kaburi. Dereva mwenye maarifa hushuka, akapunguza upepo wa matairi, tuseme kutoka ratili 35 kwa inchi ya mraba hadi 18, ili tairi lilale na kuukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi. Kisha huondoka taratibu, na akifika penye ardhi ngumu huyajaza tena. Hakutumia hata senti moja. Penye laga lenye maji, mjinga hujitupa ndani kwa kuwa gari lake limeinuliwa; mwenye maarifa hutazama nguvu ya mkondo, na ikimtia shaka hukaa ng'ambo akangoja, hata kama ni mpaka kesho. Gari lake ni lile lile kuukuu. Kilichozidi ni akili.

Pengine utasema, msomaji, kwamba wewe ungali mwanafunzi, huna gari, na maneno haya hayakuhusu. Yanakuhusu sana. Mara nyingi wewe ndiwe unayesifu. Gari lililoinuliwa likipita mbele ya shule, macho ya wanafunzi hulifuata. Lile lililochongwa na umri, lenye injini inayonguruma sawasawa na mwenye nalo aliyepaka grisi viwikoni, hupita bila kutazamwa. Sifa zenu ndizo zinazowalisha wapambaji. Zigeuzeni sifa hizo. Mkimwona mtu amelala chini ya gari lake akikagua mpira wa breki, mstahini huyo. Mkialikwa safari ya mbali, msiulize gari lina taa ngapi. Ulizeni mkanda wa feni ulibadilishwa lini, maji ya kunywa ni lita ngapi, na ni nani aliyeambiwa njia mtakayopita. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, msipande gari lake, hata liwe zuri namna gani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini jangwani hakuna mawe wala mwashi wa kuujengea ukuta huo. Ziba ufa nyumbani, gari lingali uani na spana i mkononi.